Kijiko Kimoja cha Mafuta

Jirani yangu wa chini tulimwita Mama Bomba, lakini si mbele yake. Mbele yake tulisema "mama" tu, tukasubiri kuambiwa wiki hiyo tumekosa nini. Nani amemwaga majani ya chai kwenye sinki. Nani ameosha nywele akaziacha ziende na maji. Alikuwa anasimama chini ya ngazi na waya mkononi, na kwenye ncha ya waya kuna donge la nywele lililolowa, ameliinua juu kama mtu aliyemkamata kuku wa wizi.

"Hizi za nani?"

Zilikuwa zangu, na yeye alijua ni zangu, maana katika jengo lile ni mimi peke yangu niliyekuwa nasuka nywele nyekundu.

Tulikuwa nyumba tatu, moja juu ya nyingine. Yeye chini kabisa, mimi mshonaji katikati, na juu yangu muuza chipsi na mke wake. Maji machafu yetu sote yalishuka kwenye bomba moja lililopita ukutani mpaka kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko nyuma ya jengo. Bomba likiziba huko chini, maji hayarudi kwangu wala kwa muuza chipsi. Yanatafuta mdomo wa karibu, na mdomo wa karibu ni tundu la bafu la Mama Bomba. Sisi wa juu tunakula, tunafua, tunaoga, na wa chini ndiye anayeletewa hesabu. Ukiona mtu anakuwa mkali kwa ajili ya majani ya chai, uliza kwanza anakaa wapi.

Ukali wenyewe aliutoa kazini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Sakafu ya chumba kile ilikuwa na matundu saba, na kila asubuhi, kabla shuka la kwanza halijalowa, kazi yake ilikuwa kuyapitia yote saba. Hiyo ilianza siku moja akiwa bado mgeni, bandeji ilipoziba tundu la tatu na wodi mbili zikalala bila shuka. Bandeji hakuiacha yeye, ila aliyegombezwa ni yeye. Tangu siku hiyo hakuliamini tundu lolote duniani. Alipostaafu walimpa cheti na saa ya ukutani. Cheti sijawahi kukiona. Saa aliitundika sebuleni, na mlio wake ulikuwa unasikika mpaka kwangu juu nikizima cherehani.

Mumewe alishafariki siku nyingi. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, mwalimu wa hesabu, aliyeolewa mbali, mwendo wa saa kumi na sita kwa basi. Ninachotaka kusimulia ni siku Mama Bomba alipofunga safari kwenda kwa binti huyo. Lakini ili uelewe kwa nini siku ile sote tulikuwa roho juu, lazima kwanza niseme habari ya safari iliyotangulia, na hiyo sipendi kuisema.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, mama akaenda kumsubiri ajifungue. Ufunguo wa nyumba aliniachia mimi.

"Kila baada ya siku tatu, kikombe kimoja cha maji kwenye kila tundu," aliniambia. "Usisahau, mwanangu."

Siku ya nne niliona maji yanatoka chini ya mlango wake, maji ya povu, yenye harufu. Nikakimbia juu kuchukua ufunguo. Kwenye mkoba haupo. Kwenye droo haupo. Chini ya godoro haupo. Nilipindua nyumba yangu nzima huku nalia, muuza chipsi naye anaupiga bega mlango wa chuma ambao haukutikisika hata kidogo. Ndipo nikafanya jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilimpigia simu.

"Mama, rudi," nikasema. "Nyumba inaelea."

Akarudi na ufunguo wake wa akiba. Akiwa njiani, binti akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, akaishi mpaka adhuhuri. Simu ya mkwe ilimkuta bibi mtu amepiga magoti bafuni, anakamua tambara. Nilikuwepo, nimeshika ndoo. Hakulia. Alimaliza kulikamua lile tambara, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote nne, ndipo akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. Kesho yake alipanda basi tena, lakini alifika walishazika. Sura ya mjukuu wake hakuiona.

Na ufunguo? Niliupata wiki tatu baadaye, kwenye kopo langu la vifungo, lile linalokaa karibu na cherehani. Niliuweka humo mimi mwenyewe, siku ile ile aliyonipa, ili usipotee. Ulizama mpaka chini kabisa, kwenye vifungo vikubwa vya makoti ambavyo siku hizi hakuna anayevitaka. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba labda niliibiwa sokoni, na yeye alinipa pole. Hebu fikiria, yeye ndiye aliyenipa pole mimi! Akabadilisha kitasa, yakaisha. Mimi nikaufukia ufunguo chini ya vifungo, nikaendelea kushona. Kwa miaka miwili, kila nilipotia mkono kwenye kopo lile, niliokota vya juu tu.

Sasa binti alikuwa na mimba ya pili. Hakuwahi kumlaumu mama yake kwa mdomo, ila simu zilipungua, na zilipokuja zilikuwa fupi. Wiki moja kabla ya safari alimwambia neno moja, na Mama Bomba alinisimulia neno hilo akiwa ameegemea mlango wangu, anaangalia pembeni.

"Amesema, 'Mama, ukija, njoo ukae. Kama mwili utakuja huku na moyo utabaki kwenye mabomba, bora usije.'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nimesema naenda kukaa."

Basi lilikuwa la saa nane mchana. Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia ndoo.

Niliposhuka saa tatu, mlango ulikuwa wazi na yeye yuko jikoni, mkono umeingia kwenye sinki mpaka kiwiko. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa juu ya meza ili lisilowe. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka.

"Kaa hapo, usikanyage pale, pamekauka."

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza waya wa kuvuta uchafu na nywele. Kisha soda ya kupikia na siki, inachemka povu, anahesabu mpaka mia tatu. Kisha maji ya moto, lakini si ya kuchemka, kwa sababu bomba la plastiki likipata maji yanayochemka linalegea kwenye maungio. Kisha maji ya baridi. Na mwisho kabisa, kijiko kimoja cha mafuta ya kula.

Hilo la mafuta nilikuwa sijawahi kuliona, nikamuuliza.

"Chini ya kila tundu bomba limepinda," akasema, na akanipindia mkono wake nione. "Pale kwenye kona maji hukaa. Yale maji ndiyo mlango. Yakiwepo, harufu haipandi wala mende hapiti. Ukisafiri mwezi mzima, yanakauka, mlango unabaki wazi. Mafuta yanaelea juu yake, yanayazuia yasikauke upesi."

"Kumbe."

"Kumbe nini? Miaka yote unakaa juu yangu hujui unachokalia."

Muuza chipsi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la viazi begani, anasikiliza. Ni kijana mwema, mwenye moyo wa kusaidia, na mtu wa namna hiyo asipofahamishwa vizuri ni hatari kuliko adui.

"Kwa hiyo mama, mafuta yanalinda bomba?" akauliza.

"Yanalinda, mwanangu," akajibu Mama Bomba, mkono bado kwenye sinki. "Kijiko kimoja tu."

"Basi usiwe na wasiwasi. Tutalinda na sisi huko juu."

"Asante, baba," akasema, wala hakumsikiliza, kwa sababu alikuwa anahesabu na alishafika mia mbili na kumi. Mimi nilimsikia muuza chipsi vizuri kabisa. Nilidhani ni maneno ya adabu tu.

Saa nne alikuwa amemaliza sinki la jikoni na la kunawia. Saa nne na nusu alikuwa amerudi kwenye la jikoni, kwa sababu hakukumbuka kama kijiko cha mafuta alikitia au alikiwaza tu. Akamulika kwa tochi ya simu. Akaona mafuta yanang'aa. Akatoka. Akarudi kumulika tena. Ile saa ya hospitali ilikuwa inagonga ukutani, tik, tik, na mimi nikaanza kuhesabu dakika za safari isiyo yangu.

"Mama, stendi ni mbali."

"Najua stendi ilipo."

Saa tano na robo simu yake ililia. Mikono ilikuwa na siki, nikaipokea mimi na kuiweka kwenye spika ili sote tusikie. Alikuwa mkwe wake.

"Mama shikamoo. Tumefika hospitali asubuhi hii. Uchungu umeanza."

"Bado siku tisa!"

"Ndiyo mama. Madaktari wanasema wanamwangalia. Anakuulizia. Anauliza kama umeshapanda basi."

Mama Bomba alisogeza mdomo karibu na simu. "Mwambie nakuja," akasema. "Mwambie nimeshafunga begi."

Ungedhani baada ya simu ile angekimbia. Hapana. Alichukua waya akaingia bafuni, kwenye tundu lile, lile ambalo lilimrudisha mara ya kwanza. Nilimfuata. Waya ulikuwa unagonga kingo za tundu, na maneno yalikuwa yanamtoka mfululizo. Kwamba uchungu ukitangulia hivyo si dalili njema. Kwamba na yule wa kwanza ulitangulia. Kwamba ni yeye, ni mguu wake ndio una nuksi, kila akitaka kwenda kwa mwanawe kuna kitu kinaharibika. Akamimina soda, akamimina siki, akaanza kuhesabu, akapotea kwenye themanini, akaanza upya.

"Mama, saa sita kasoro. Niachie mimi hili tundu."

Aliniangalia. Nilijua anachowaza. Safari hii ufunguo hakumwachia mtu yeyote. Alikuwa anaondoka nao shingoni, na nyumba inabaki imefungwa kama kaburi.

Akamimina maji. Akatia kijiko cha mafuta. Akafunika tundu kwa sahani ya plastiki, juu ya sahani akaweka tofali. Akanyanyuka, akashika kiuno, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua kama mtu. Nikabeba begi. Tukafika sebuleni.

Ndipo tukasikia kutoka bafuni: glu. Glu, glu, glu.

Ilikuwa ni maji ya muuza chipsi, anaosha viazi, yanashuka ukutani kama yanavyoshuka kila siku. Mimi najua hivyo leo, na siku ile nilijua pia. Yeye naye alijua kuliko sisi sote. Lakini aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Alirudi bafuni, akaondoa tofali, akaondoa sahani, akainama akaangalia. Hakuna kitu. Tundu ni kavu juu, mafuta yanang'aa chini. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Siendi," akasema.

"Mama!"

"Siendi. Yatatoka. Nikifika tu pale, hata sijamshika mkono, yatatoka, na mtanipigia, na nitarudi, na yule mtoto..." Hakumaliza. "Bora nikae hapa nisubiri habari. Mara ile niliondoka nikarudi, nikakosa huku na huku. Angalau nikae mahali pamoja."

Saa sita na nusu. Nilisimama pale mlangoni mwa bafu na begi la mtu mkononi, na nikaona wazi kwamba yule mama anaogopa kitu ambacho hakipo. Anaogopa bomba. Anadhani ni bomba lililomwita nyumbani mara ile. Na mtu pekee duniani anayejua kwamba si bomba alikuwa ni mimi.

Niliweka begi chini. Nikapanda ngazi mbili mbili, nikachukua kopo la vifungo, nikashuka nalo. Nikalimwaga kopo lote pale sakafuni, kwenye sakafu yake iliyokauka, vifungo vikatawanyika mpaka chini ya sinki, na katikati yake ufunguo wa zamani.

Aliutambua. Ulikuwa na uzi wa bluu wa mashuka ya hospitali, aliufunga yeye.

"Uliupata wapi?"

"Humu. Niliuweka humu mwenyewe. Siku maji yalipotoka ulikuwemo humu, hatua tatu kutoka niliposimama nikikupigia simu. Ningefungua mlango, ningetia tambara, ningemwita fundi, usingerudi. Si maji yaliyokurudisha, mama. Ni mimi. Na nimeupata tangu wiki ya tatu, nimenyamaza."

Sikuweza kumwangalia. Niliangalia vifungo. Nilisikia tik, tik ya saa ile, na huko juu viazi vinaoshwa.

"Miaka miwili," akasema hatimaye, taratibu. "Miaka miwili nimelilaumu bomba."

"Nisamehe."

"Nyamaza kwanza." Akaokota ufunguo, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye meno yake ya chuma. Nilidhani atanipiga nao. Ningekubali. Badala yake aliufumbata mkononi. "Saa ngapi?"

"Sita na dakika arobaini."

"Sina muda wa kukugombeza," akasema. "Nikirudi nitakugombeza vizuri, nimekaa kwenye kiti, na chai mbele yangu. Wewe jiandae."

Akasimama. Akavua kamba shingoni mwake, ile yenye ufunguo mpya, akanivisha mimi. Aliivuta kwa nguvu mpaka ikanikata nyuma ya shingo, na nadhani alikusudia.

"Uoge nao. Ulale nao. Kila siku tatu, kikombe kimoja cha maji. Na nisikilize." Akanishika kidevu kama mtoto. "Maji yakija, usinipigie. Yakifika kwenye meza, usinipigie. Yakifika kitandani, hata hii saa ianguke ielee, usinipigie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Alifunga koki kuu ya nyumba yake mwenyewe. Barabarani hakukuwa na gari wala teksi, ikapita pikipiki, na bibi wa miaka sitini na tatu akapanda nyuma na begi mapajani, sandali moja nusura imtoke. Saa nane kamili simu yangu ikalia. "Nimepanda," akasema, akakata. Nikakaa kwenye ngazi, nikalia mpaka mke wa muuza chipsi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Siku ya kwanza habari zilikuwa nusu nusu. Mama alifika alfajiri. Uchungu ulitulia wenyewe, madaktari wakamzuia binti wodini, mama akalala kwenye kiti kando yake. Siku ya pili, hakuna jipya. Sikuweza kushona mstari ulionyooka. Nilishuka kila asubuhi, nikafungua, nikamulika matundu yote kwa tochi, nikafunga, na nikifika ngazini nikarudi kuhakikisha nimefunga. Mke wa muuza chipsi alicheka akasema kumbe ugonjwa ule unaambukiza.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisukuma mlango, na mguu wangu ukaingia kwenye maji.

Yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Tofali lilikuwa palepale na sahani palepale, lakini pembeni mwa sahani maji yalikuwa yanapanda, mazito, na juu yake yanaelea mabonge meupe yanayoteleza. Nikagusa. Mafuta. Mafuta yaliyoganda.

"Funga maji!" nilipiga kelele nikipanda ngazi. "Hakuna mtu kufungua bomba! Hakuna mtu kuvuta choo!"

Muuza chipsi alitoka na povu la mswaki mdomoni. Alishuka nami, akaona, na rangi ya uso ikambadilika.

"Lakini nimelilinda," akasema.

"Umelilinda vipi?"

"Mafuta ya kukaangia. Yale ya zamani. Zamani nilikuwa nayatupa kwenye dumu, siku hizi tatu nimeyamimina yote kwenye sinki. Jioni ile alipoondoka galoni, juzi galoni, na jana galoni." Alikuwa karibu kulia. "Alisema kijiko kimoja kinalinda. Nikaona kwa kuwa hayupo, na tundu lake ndilo la hatari, bora tuzidishe."

Hasira ilinipanda, kisha ikashuka yenyewe. Ningemwambia nini, mimi wa kopo la vifungo? Mwenzangu naye alilinda mno, kama mimi nilivyouficha ufunguo usipotee.

"Nenda chemba ya nyuma," nikamwambia. "Chukua waya wake, uko nyuma ya mlango. Mkeo aje na ndoo zote mlizo nazo."

Nilikuwa nimeinama nayazuia maji yasifike kwenye kabati la nguo, tambara limenijaa mikononi, ufunguo unaning'inia shingoni, ndipo simu ikalia kwenye mfuko wa gauni. Nilijua ni nani kabla sijaangalia. Nikapokea kwa vidole viwili vilivyoloa.

Sikusikia "halo". Nilisikia mtoto analia, kwa hasira, kwa mapafu yote mawili, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Nikasikia sauti ya binti kwa mbali, amechoka, anacheka. Kisha Mama Bomba.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Wa kike. Saa moja iliyopita. Nilikuwepo. Nilimshika mkono mwanangu mpaka mwisho, kaniumiza vidole, sijui kama vitanyooka." Alikuwa analia na haoni haya. "Mzima. Wote wazima."

"Hongera, bibi."

"Asante, mwanangu." Akavuta pumzi. Nilijua linalokuja, nikakaza miguu. "Nyumba je?"

"Kavu, mama."

"Tundu la bafu?"

"Kavu kabisa."

Nilisogeza mguu mmoja ili niegemee ukuta, na maji yakasema chap. Huko nyuma muuza chipsi alikuwa anagonga mfuniko wa chemba. Upande wa pili wa simu kukawa kimya, mtoto peke yake ndiye anayesikika, na mimi nikafumba macho. Yule ni mtu aliyesikiliza maji miaka thelathini na mmoja. Alijua sauti ya tundu la tatu na sauti ya tundu la saba. Hakuna tambara duniani ambalo lingemficha mguu uliosimama ndani ya maji.

"Hapo ulipo ni kavu," akasema. Hakuuliza, alisema tu.

"Kavu, mama."

"Haya. Kama ni kavu, ni kavu." Nikasikia kitu kinasogezwa, na kilio cha mtoto kikaja karibu zaidi na simu, kisha kikaanza kupungua. "Sasa kata wewe, mwanangu. Mikono yangu yote miwili ina kazi."